Kuelekea Masito: maji kwanza, njia baadaye

Machi

Mvua bado inanyesha hapa Kigoma mjini na msituni hakupitiki, kwa hiyo kazi ya mwezi huu ni ya mezani. Tunakwenda Masito, msitu wa miombo ulio kusini mwa mto Malagarasi, wilayani Uvinza. Tutakuwa watu wanne, kwa miguu, hadi kwenye bonde lenye msitu mzito kandokando ya mto wake. Bonde lipi hasa sitaliandika hapa. Kule wanaishi sokwe, nao hawamo ndani ya hifadhi ya taifa kama wenzao wa Gombe na Mahale.

Ramani niliyonayo ni ya skeli ya 1:50,000, yaani sentimita mbili ni kilomita moja ya kutembea. Kontua, ile mistari ya mwinuko, zinanionyesha penye mteremko mkali, na hilo linatosha kwa upande wa miguu. Kwa upande wa maji haitoshi kabisa: kijito kimechorwa kwa mstari wa buluu, lakini kama kiangazi kinakikausha au la, ramani haisemi. Jibu nimelitafuta kwenye picha za setilaiti za Agosti na Septemba, miombo ikiwa imepukutika na nyasi zimeungua. Nchi yote inakuwa kahawia na nyeusi, ila mabondeni inabaki michirizi ya kijani, miti ambayo mizizi yake imefika majini. Palipo na kijani mfululizo nimezungushia duara. Panapokatika nimeweka alama ya kuuliza, na kambi yoyote haitategemea mahali hapo. Njia nzima nimeichora upya kwa kufuata maduara hayo.

Aprili

Nilikwenda Uvinza kumwona mzee mmoja mrina asali aliyezunguka Masito tangu ujana wake. Baada ya shikamoo na chai nikamfunulia ramani, nikamuuliza kama ni vizuri kuufuata mto kutoka juu.

"Hapana, mwanangu. Mtoni kuna vichaka na mawe, mtashinda mnakata matawi. Shikeni mgongo wa mlima, huko miti imeachana. Bondeni mshuke kuchota maji, halafu mpande."

Nikamuuliza kuhusu Mei. Akatikisa kichwa: "Mei nyasi zinakupita kimo, hata unapokanyaga hupaoni." Na Agosti? "Agosti moto."

Basi ni mwisho wa Juni. Vijito bado vinatiririka, nyasi zimeanza kulala, na ingawa moto unaweza kuwa umeshaanza huku na kule, migongo ya milima inatupa nafasi ya kuuona ukiwa mbali. Usiku kutakuwa na baridi ya kipupwe, kwa hiyo kila mtu na blanketi lake. Mzee hataweza kutembea nasi, lakini mwanawe amekubali kutuongoza. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote mpaka sasa.

Mei

Mbung'o. Wengi wanaoniuliza kuhusu safari hii wanaogopa chui na nyoka. Mimi nawafikiria mbung'o zaidi, kwa sababu huuma mchana, unapotembea, wakati chandarua kimekunjwa ndani ya begi, na ndio wanaobeba ugonjwa wa malale. Mitego yao hushonwa kwa kitambaa cha buluu na cheusi kwa kuwa rangi hizo huwavuta. Kwa hiyo nimewaambia wenzangu: hakuna jinzi, hakuna fulana nyeusi. Nguo ziwe za kaki, nene, mikono mirefu. Na atakayepata homa baada ya kurudi aende hospitali mara moja na aseme wazi kwamba alikuwa porini akaumwa na mbung'o, asije akapewa dawa za malaria tu na kurudishwa nyumbani.

Chakula hakikunisumbua: unga, dagaa wakavu, karanga, chumvi ya Uvinza, chai na sukari.

Maji ya kubeba ndiyo yaliyoleta mjadala. Wenzangu walitaka hema zipigwe mtoni kabisa. Nimekataa. Jioni sokwe hujenga viota vya kulala mitini, na msitu wa mtoni ni mojawapo ya sehemu wanazozipenda. Tena mafua yetu yanaweza kuwaua. Mahale mgeni huvaa barakoa na kukaa mita 10 kutoka kwao, na hao ni sokwe waliozoea watu. Wa Masito hawajazoea. Kwa hiyo tutalala juu, kando ya mgongo wa mlima, na kila mmoja atapanda na dumu la lita tano, kilo tano za ziada mgongoni. Tumelizungumza mpaka tukakubaliana. Mwenye kikohozi siku ya kuondoka atabaki nyumbani, hata nikiwa mimi.

Juni, wiki ya kwanza

Barua ya kuomba kibali iko ofisi ya maliasili ya wilaya, na nakala nimempelekea mtendaji wa kijiji tutakapoanzia, kwa kuwa wenyeji wanapaswa kujua ni nani anaingia msituni kwao na atatoka lini. Tumeanza kutembea jioni na mabegi yaliyojazwa, madumu yakiwamo. Begi la mwenzetu mmoja linamkata bega, kwa hiyo fundi wa viatu pale sokoni anamshonea mkanda mpana. Kibali kikitoka, nitampigia simu kiongozi wetu aniambie nyasi zimefikia wapi, ndipo tupange siku.