Iache hapo

Maneno mawili tu ya Babu, fundi mzee anayenifundisha kukereza chuma, na tangu Alhamisi hayajanitoka: "Iache hapo." Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimechambulia nayo mchele wa harusi. Harusi yenyewe imepita salama, mdogo wangu yuko Pangani kwa mumewe, barua ya kuitwa kwenye usaili kule kiwandani Pongwe nayo imefika, na hayo yote nitayaandika nikitulia. Leo nina geji, kipimo cha kukagulia matundu.

Mnaikumbuka. Ni ile niliyokuwa nikiilalamikia humu tangu Babu aliponipa kazi ya kuitengeneza. Kipande cha chuma cha mviringo, urefu wa kiganja, kina vichwa viwili na pa kushikia katikati. Kichwa kirefu unene wake uwe milimita 25.00. Kifupi kiwe 25.03. Ukishatoboa bushi (ile pete ambamo shafti huzunguka) ya milimita 25 huna haja ya kusoma namba yoyote: kirefu lazima kiingie, kifupi lazima kigome. Kirefu kikigoma, tundu bado dogo, rudi kwenye mashine. Kifupi kikiingia, bushi ndiyo imekwenda, kaitupe kwenye chuma chakavu. Tofauti ya vichwa hivyo viwili ni ndogo kuliko unene wa unywele, na kazi yote ya bushi inasimama humo.

Babu anaviita Ingia na Usiingie. Ingia ni mrefu kwa sababu ndio unaoshinda kutwa ukipita kwenye matundu, kwa hiyo ndio utakaoliwa. Usiingie unagusa mdomo wa tundu tu, basi.

Kwangu geji hii si kazi kama kazi nyingine. Bushi, pini, shafti, vyote nilivyokereza tangu nianze pale karakana ya Ngamiani, hapa Tanga, vimeondoka na wenyewe. Vingine viko kwenye boti za Sahare, vingine kwenye mashine za kusaga za Muheza, vingi viko kwenye korona, zile mashine za kuchakata mkonge mashambani, vinazunguka mpaka vichakae, kisha virudi kwetu vikiwa vimelika upande mmoja. (Korona za zamani ndizo zinazotulisha, tuseme ukweli. Boliti zake nyingi bado ni za Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza, meno yake pembe ya nyuzi 55, na boliti za dukani leo ni za milimita, pembe 60. Haziingiliani kwa dawa wala kwa nyundo. Anayetaka nati anakuja kwetu.) Geji haiondoki. Inabaki karakana, na kila bushi itakayotobolewa, na mimi au na mwingine, itapita mbele yake. Nikikosea bushi nimemkosea mteja mmoja. Geji ikiwa na kasoro, karakana nzima itakuwa inakosea huku ikiamini imepatia.

Ndiyo maana niliifanya kwa moyo wote. Chuma chake alikitoa Babu mwenyewe kwenye sanduku lake, kimefungwa karatasi yenye grisi, chuma cha zana alichokiweka tangu enzi zake za reli. Nilikikereza nikakiacha kinene kidogo, maana chuma kikipita motoni hakirudi na kipimo kilichoingia nacho. Tukakipasha mpaka kikawa chekundu sawasawa pande zote, nikakizamisha kwenye oili kikiwa wima. Kikiingia kwa ubavu, upande mmoja unapoa kabla ya mwenzake na chuma kinapinda. Nilipokijaribu na tupa, tupa ikateleza kama inapita juu ya kioo. Kigumu, lakini kigumu cha kuvunjika, kwa hiyo nikaking'arisha, nikakipasha tena polepole nikikodolea macho rangi, mpaka ikajitokeza ile manjano ya majani makavu. Hapo ni kwenye nyuzi 230 hivi. Ukichelewa inageuka kahawia, kisha zambarau, na ugumu unaondoka nazo.

Halafu kusaga. Hapa ndipo palipo na utamu, na sijasoma mahali popote mtu akipaelezea kama panavyostahili. Unatengeneza pete ya chuma cha kasti, unaipasua upande mmoja, unaitia skrubu ya kuikaza. Unapaka pasta ya kusagia valvu, ile ya kopo lenye pande mbili, unaanza na upande mkali, unamalizia na ulio laini uliochanganywa na mafuta mepesi. Geji inazunguka taratibu kwenye mashine, wewe umeshika pete, unaipeleka mbele na kuirudisha nyuma, mbele na nyuma, bila kusimama mahali pamoja. Na pete inasema na mkono. Palipo panene inakamata kidogo, inataka kukuzungusha nayo. Palipo pembamba inalegea. Mkono unajua kabla ya maikromita. Inafika wakati pete inakwenda kwa uzito uleule kutoka mwanzo wa kichwa hadi mwisho, hakuna kukamata, hakuna kulegea, na chuma kimekuwa cha kijivu kilichotulia, hakina alama hata moja ya kisu. Alhamisi baada ya Adhuhuri nilifika hapo. Nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaifuta, nikaipeleka kwa Babu mkononi.

Sasa sikilizeni alivyosema, maana nimeyapitia mpaka najua hata pumzi alizovuta katikati.

Aliipokea. Akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaigeuza. Akarudi, akachukua maikromita yake, si ile ya kwetu inayosoma sehemu ya mia ya milimita, ile yake yenye mistari ya ziada inayosoma sehemu ya elfu. Akapima Ingia, akaizungusha robo, akapima tena. Akapima Usiingie. Akavua miwani.

"Umesagia nini?"

"Pasta ya valvu, Babu. Nimemalizia na upande laini."

"Pete umeikereza wewe?"

"Naam."

Akanyamaza. Nje boda boda zilikuwa zinapiga honi, akangoja zipite kama vile anataka kusema jambo refu.

"Iache hapo."

Akanionyesha kwa kidevu pale kando ya jiliwa, chombo cha kubania kazi, akaiweka maikromita yake palepale, akajifuta mikono akaenda kutawadha, Alasiri ilikuwa imekaribia. Sikusikia "ahsante" wala "bado" wala "rudia". Na pale kando ya jiliwa, wote tunajua, ndipo panapokaa kila kitu. Kazi inayomngoja mteja inakaa pale, na kipande kitakachokatwa kitumike kwa jambo jingine nacho kinakaa palepale.

Kaka ninayefanya naye kazi aliniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, akisema iache, ujue haijafika." Hakusema kwa ubaya. Yeye ana miaka mingi pale na anayajua mengi ya Babu. Lakini neno lilinichoma.

Nikaanza kuhesabu. Labda Ingia umekwenda mwembamba mwishoni, maana pete hupenda kula zaidi kwenye ncha. Lakini nilipima ncha. Labda ni duara lisilo duara, vipimo viwili vinalingana na cha tatu kinakataa. Lakini nilizungusha. Labda ni ile robo aliyoizungusha, aliona kitu pale. Mbona alivua miwani? Mtu akiridhika huvua miwani, na akichoka huvua miwani. Usiku wa mkesha wa harusi mashangazi wanapiga vigelegele, mimi nimekaa na sinia la vitunguu mapajani nauliza nafsi yangu kwa nini alitaka kujua kuhusu pete. Kama kazi ni mbovu, anauliza ili ajue nilipoharibu. Kama ni nzuri, anauliza ili ajue kama ni mimi kweli. Nilikata vitunguu vyote vile na jibu sikulipata. Shangazi mkubwa akaniambia, "Mwanangu, nawe utaolewa, usihuzunike." Nilimwitikia tu.

Jana Jumatatu ndipo mambo yakageuka, na hayakugeuka kwa njia niliyoitazamia.

Ililetwa kazi ya bushi za shaba, za shambani. Kaka akatoboa ya kwanza, na shaba ikitobolewa kwa haraka inatoka na moto. Akanyoosha mkono kuchukua geji yangu pale kando ya jiliwa. Haikuwapo. Ilikuwa mkononi mwa Babu.

"Ngoja ipoe," Babu akamwambia. "Shaba ya moto itakudanganya."

Na ndivyo ilivyo, ukipiga hesabu. Shaba ya manjano inatanuka sana kuliko chuma. Bushi ya milimita 25 ikitoka kwenye mashine ina nyuzi 70, ikapoa mpaka 30 za humu ndani, tundu lake linapungua karibu 0.02. Nafasi yote tuliyopewa ni 0.03. Unaweza kuipima ikiwa ya moto, Ingia ukaingia vizuri, ukafurahi, ukamfungia mteja, naye akafika shambani shafti ikagoma. Dunia nzima imekubaliana vipimo vya chuma vihesabiwe kwenye nyuzi 20, na mchana wa Tanga haujui nyuzi 20 ni kitu gani. Tunachoweza ni kuhakikisha kinachopimwa na kinachopimia viwe na joto moja. Chuma kwa chuma vinatanuka pamoja, havidhuru.

Babu akaendelea, bado anasema na Kaka, hanitazami mimi: "Hata hii ya mwenzako. Alhamisi ilitoka kwenye kusagwa, ikashikwa mkononi, ilikuwa na joto lake. Unaipimaje geji namna hiyo? Nikamwambia aiache hapo na maikromita, vilale pamoja. Ijumaa baada ya Alfajiri nikaja nikapima, kabla jua halijapiga bati."

Nikasikia masikio yanawaka. Nikauliza, "Ikasomaje, Babu?"

"Ilivyotakiwa. Ingia umeuachia unene kidogo wa kuliwa. Vizuri."

Akampa Kaka ile geji, akarudi kwenye kazi yake.

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikatoka nje nikasimama barabarani. Na nikiwa pale pale nje nikapandwa na hasira, kwa sababu tangu Ijumaa alfajiri mzee huyu alikuwa anajua. Ijumaa nilishinda pale mpaka saa sita nikifagia vumbi la chuma karibu na miguu yake! Nikarudi ndani nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia, "Babu, ungeniambia Ijumaa."

Akanitazama kama nimeuliza bei ya samaki.

"Ijumaa ulikuwa na harusi, mwanangu."

Basi. Ndilo jibu. Aliona nina mambo makubwa ya nyumbani, akaona hili la chuma linaweza kungoja. Alinionea huruma! Sikuwa na la kujibu.

Nampenda Babu kuliko ninavyoweza kuandika, na kila ninachokijua kwa mikono hii amenipa yeye. Lakini katika hili nabaki na langu. Najua wazee wa reli walifundishwa hivyo, kwa kuangaliwa na kunyamaziwa, na wametoka mafundi wa kweli. Najua pia geji haihitaji kusifiwa; imetengenezwa ili watu wasibishane, Ingia umeingia au haukuingia. Sisi si geji. Mwanafunzi akipatia na asiambiwe kwamba amepatia, kesho hajui arudie kipi. Ningeweza kuibadilisha ile pete wiki ijayo nikidhani ndiyo iliyoharibu. Ningeweza kuacha kuuachia Ingia unene wa kuliwa. Vijana wangapi wameondoka karakana za mji huu wakidhani hawana mkono, kumbe fundi alikuwa anangoja chuma kipoe? Wawili waliokuwapo kabla yangu waliondoka, mmoja sasa anauza simu pale barabara ya kumi na mbili, na Kaka anasema mkono wake wa kunoa visu vya kukerezea ulikuwa hauna mfano.

Nikipata mwanafunzi wangu siku moja nitamwambia siku ileile. Nitamwambia ina joto, tutapima kesho asubuhi, na asubuhi nitamwita.

Bushi zote zimepita, kwa njia. Kaka alizipanga kwenye meza zikapoa, akazipitisha moja moja, na kila Usiingie ulipogoma alikuwa anaigeuza geji na kunionyesha. Ya pili alisema, "Dada, nilisema vibaya siku ile." Ameshasahau sasa, na mimi pia.

Geji nimeipaka mafuta nikaifunga. Hewa ya bahari yetu haisamehe, alama ya kidole ya leo ni kutu ya kesho.

La Pongwe sijaamua. Usaili ni wiki ijayo na sijamwambia Babu.

Ila kuna jambo jingine, na kusema kweli ndilo linalonifanya niwe macho saa hizi. Tangu wageni waondoke nyumba imetulia, na sasa namsikia Mama usiku. Anaamka kunywa maji. Anarudi kulala, anaamka tena, anakwenda uani, anapitia mtungini anakunywa tena. Mwanzo nilidhani ni uchovu wa shughuli na ile biriani yenye chumvi. Lakini leo mchana jirani kaniuliza mbona Mama kapungua, na nilipomtazama vizuri, gauni lile la kitenge alilolishona kwa ajili ya harusi linampwaya mabegani. Marehemu bibi yetu alianza hivihivi. Nimemwambia twende hospitali ya Bombo akapimwe sukari, amesema atakwenda akimaliza kurudisha masufuria ya watu. Masufuria nitayarudisha mimi kesho kabla ya kwenda kazini, ili asiwe na la kunijibu.