Jinsi daftari la duka lilivyonipatia wateja Busia

Kazi yangu ni kuandika na kupanga hesabu za wafanyabiashara wadogo wa Busia, upande wa Uganda, na naifanya peke yangu, bila mwajiriwa na bila bango barabarani. Wateja wangu ni wauza nafaka, wauza dagaa, wenye maduka ya vipuri vya pikipiki na wenye maduka ya jumla, na karibu wote walinisikia kwenye simu zao kabla ya kunitia machoni. Vijana waliosomea uhasibu huniuliza nilivyofika hapa, na kwa kuwa jibu ni refu, nimeona niliandike.

Busia ni mji wa mpakani. Muuzaji anaweza kuwa Msamia, mnunuzi Mjaluo, dereva wa lori Msomali na mchuuzi Mkongo, na wote wakapatana bei kwa Kiswahili. Hata hivyo maelezo ya kodi yaliyokuwa yakiwafikia wateja wangu yalikuwa kwa Kiingereza, na wengi wao waliyasikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu mwingine. Hofu moja niliikuta kila duka nililoingia: kwamba anayeandika mauzo yake anajitengenezea ushahidi wa kutozwa zaidi. Mama mmoja muuza maharage aliniambia waziwazi, “Dada, daftari ndilo litakalonifunga.” Nikamwambia, “Mama, lete kalamu tupige hesabu hapa hapa.”

Hesabu tuliyopiga siku ile ndiyo iliyokuwa rekodi yangu ya kwanza ya sauti. Chini ya viwango vilivyoanza kutumika Julai 2020, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka yako kati ya shilingi milioni 10 na milioni 150 hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo yake, na sheria inamtofautisha mwenye kumbukumbu za hesabu na asiye nazo. Chukua duka lenye mauzo ya milioni 60 kwa mwaka. Asiye na kumbukumbu analipa shilingi 400,000. Mwenye kumbukumbu analipa 180,000, na juu yake asilimia 0.6 ya kile kilichozidi milioni 50, yaani 60,000, jumla 240,000. Duka likifikisha milioni 100, asiye na kumbukumbu anatoa 900,000 na mwenye nazo anatoa 500,000. Nilizisoma tarakimu hizo polepole, nikazirudia, kisha nikaituma sauti kwa wafanyabiashara niliokuwa nao kwenye WhatsApp, nikiwaomba wamtumie jirani yeyote mwenye duka.

Sauti ile ilisafiri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kutuma, na nadhani sababu ni kwamba ilijibu swali moja tu na ikalijibu hadi shilingi ya mwisho. Kabla yake nilikuwa nikiweka kwenye stetasi picha zenye maneno kama “tunza hesabu, kuza biashara,” na watu wakazitazama na kupita. Tangu hapo sirekodi chochote kisicho na mfano wenye tarakimu kamili, na kila mfano unatoka kwenye swali ambalo mtu ameniuliza kweli. Jina la mteja silitaji, wala bidhaa yake siitaji ikiwa ni yeye peke yake mwenye kuiuza mtaani.

Njia za kuwafikia watu nilizichagua kwa kuangalia mifuko yao. Facebook imefungwa nchini tangu Januari 2021, na ingawa wapo wanaoizunguka kwa VPN, sikutaka biashara yangu itegemee mlango wa nyuma. Tangu Julai 2021 bando za intaneti zinatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo mwenye kibanda anafikiri mara mbili kabla ya kufungua video ndefu. Nikashika sauti fupi za WhatsApp kama chombo kikuu, kisha video chache za TikTok ambamo kinachoonekana ni mkono wangu na daftari tu.

Daftari lenyewe ni lile la kaunta lenye jalada gumu. Nalichora safu sita: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya pesa za simu, manunuzi, matumizi ya duka, na madeni. Safu ya tatu ndiyo iliyonipa maswali mengi kuliko zote, kwa kuwa mteja hufuta ujumbe wa malipo simu inapojaa, na mwisho wa mwezi hajui zilizoingia zilikuwa za duka au mchango wa harusi. Katika video naonyesha muuzaji akifungua simu kabla ya kufunga duka, akinakili kila malipo, na kuweka nyota ndogo kwenye yale yasiyo ya biashara. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayoyafanya mauzo ya mwaka yaaminike.

LinkedIn niliingia kwa lengo tofauti. Huko hakuna muuza maharage, bali wako wahasibu, mawakala wa kodi na maofisa wa mikopo, nami nilitaka wanijue kwa kazi ninayoifanya vizuri. Aprili 2024, wafanyabiashara wa Kampala walipofunga maduka wakilalamikia mfumo wa risiti za kielektroniki wa EFRIS, hofu ilifika Busia haraka. Nilieleza kwa sauti ya Kiswahili kwamba wajibu wa kutoa risiti hizo uliwahusu kwanza waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kodi ya asilimia 18 ambayo kizingiti cha kusajiliwa ni mauzo yanayozidi milioni 150 kwa mwaka, kisha nikaweka maelezo yale yale kwa maandishi LinkedIn. Mhasibu mmoja wa Kampala aliyasoma, akaniandikia kwamba ana wateja wenye matawi mpakani na hana mtu wa kuwafundisha wauzaji wao kwa Kiswahili. Kazi hiyo ninayo hadi leo.

Sikungoja wengine wafanye kama yeye, nilianza mimi kuwapelekea wenzangu wateja. Mimi nina stashahada ya ufundi wa uhasibu ya ICPAU, taasisi ya wahasibu wa Uganda. Ukaguzi wa hesabu sio kazi yangu na siruhusiwi kuutia sahihi. Kwa hiyo chama cha akiba kilipohitaji mkaguzi nilikipeleka kwa mhasibu aliyethibitishwa huko Mbale, na sikumdai kitu. Mteja mwenye duka la pili ng’ambo, Busia ya Kenya, nilimkabidhi kwa mwenzangu anayeyajua mambo ya kodi za huko. Wote wawili wamenirudishia wateja wadogo ambao ada yao isingewatosha wao ila kwangu inatosha kabisa. Naamini kwa dhati kwamba mtu anayefanya kazi peke yake lazima ajulikane na wenzake kwa mambo mawili, anachokifanya na anachokikataa. Anayeniomba nipunguze mauzo kwenye daftari namkatalia siku hiyo hiyo, na wenzangu wanajua hivyo, ndiyo maana hawaogopi kunitajia wateja wao.

Mwaka wa kodi huisha Juni 30, na ritani ya mwisho, yaani taarifa ya kodi ya mwaka mzima, hutakiwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia Desemba 31. Nimejifunza kupanga sauti zangu kwa kufuata kalenda hiyo: Mei na Juni naeleza kufunga daftari na kuhesabu mali iliyobaki dukani, Julai naeleza mabadiliko ya bajeti mpya, na kuanzia Oktoba nawahimiza kuwasilisha ritani kabla mfumo haujaelemewa na wanaokimbilia siku ya mwisho. Asubuhi mbili za wiki ni za kurekodi na kujibu maswali bila malipo, na saa zilizobaki ni za wateja wanaolipa ada ya mwezi. Maswali kutoka Malaba, mji mwingine wa mpakani, yameongezeka mno tangu mwaka jana, kwa hiyo sasa kila Jumatano napanda matatu kwenda huko, nakaa kwenye duka la mteja mmoja wa nafaka aliyenipa meza, na yeyote aliyesikia sauti zangu anakuja na daftari lake tukalipitia pamoja.