Nilivyojifunza kumchagulia tungule mtu asiyekuwepo

Meza yangu ipo soko la Darajani, Zanzibar, upande wa mboga, na nimeikalia miaka 19. Siku hizi oda zinaingia kwa WhatsApp kabla sijatandaza kitambaa, na mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme. Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia vijana wakiwaambia wenzangu kwamba kuuza chakula kwa simu kunataka bando na picha nzuri tu. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, ikanigharimu.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenianzishia. "Shangazi, watu wanataka kuletewa," alisema, na hapo alisema kweli. Lakini picha alizoniwekea alizitoa intaneti: tungule, yaani nyanya, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, karoti na majani yake. Wiki ya kwanza nikapata wateja, ya pili wakaanza kunirudi. Bibi mmoja wa Kiponda alinitumia sauti: "Mwanangu, hizi sizo nilizoziona." Haki yake. Usiku ule nilizifuta picha zote, na yule bibi akanyamaza miezi.

Dawa niliipata mwenyewe. Asubuhi napanga mafungu, naweka kibiriti kando ya kila fungu, ndipo napiga picha. Hakuna nyumba isiyojua ukubwa wa kibiriti. Mtu anatazama tungule, anatazama kibiriti, anajua fungu la elfu mbili la leo likoje. Mzigo kutoka Dar ukichelewa na tungule zikaja ndogo, picha inasema kabla yangu. Tangu siku hiyo sijaulizwa tena "fungu lina ngapi?"

Kilichobadilika hasa ni nani anayechagua. Miaka yote hiyo mteja alikuwa akibonyeza mwenyewe, akinusa, akitikisa nazi sikioni, akirudisha asichokitaka, na mimi nampimia tu. Sasa hayo yote yamehamia mkononi mwangu, na ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoto wa dada yangu yuko Uingereza, anafanya kazi kwenye duka kubwa la vyakula. Alfajiri anazunguka na toroli akiokota vitu vya watu walioagiza kwa simu, na kifaa mkononi kinamhesabia ameokota vingapi. Ndiye aliyenihadithia kwamba kampuni ya Ocado ina maghala ambamo roboti hukimbia juu ya makreti yaliyopangwa, zikayatoa na kuyaleta. Ushauri wake ulikuwa mmoja: "Mama mdogo, kitu kikikosekana usibadilishe kimya kimya. Piga simu ulize." Mimi nilikuwa nimeshampelekea mtu majimbi badala ya viazi vitamu siku ya futari. Nilivyosemwa siku ile!

Tungule nazigawa mara tatu: za leo, za kesho kutwa, za wiki. Ya leo ukiigusa kwa kidole gumba inakubali kidogo. Ya wiki bado ina kijani kuzunguka kikonyo. Kwa hiyo kabla ya kupima namuuliza mteja anapika lini. Muhogo navunja ncha: ukikatika kwa sauti na ndani ni mweupe pe, unaingia, nikiona mistari ya buluu nauweka pembeni, hata kama ndio wa mwisho.

Kufunga nako kulinitesa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, basi nikaanza na maboksi ya dukani. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikwenda Fuoni kwa boda, ikafika tungule zimekuwa rojo chini ya mbatata, boksi limelowa hadi limepasuka. Nikarudisha pesa yote, na nauli juu, kama elfu thelathini hivi.

Pale sokoni kuna mzee hamali, nilimkuta kabla sijapata meza. Alikuwa akiwabebea wateja wangu vikapu hadi kwenye daladala. Oda za simu zilimpunguzia riziki, na hilo lilinikosesha raha, maana mimi ndiye niliyezileta. Siku aliyoniona nahangaika na maboksi hakusema kitu. Akaenda, akarudi na makuti mabichi, akachutama mbele ya meza akasuka pakacha, vidole vinakwenda bila ya yeye kuvitazama. Mbatata chini, muhogo juu yake, jani la mgomba, kisha tungule. "Boksi linatoa jasho," akaniambia, "pakacha linapumua." Tangu hapo nanunua mapakacha kwake, na tungule hazijapondeka tena.

Tena yeye ndiye aliyeniokoa na Mji Mkongwe. Vichochoro vingine boda haipiti, na vijana walikuwa wakinipigia simu kila mara: mteja kasema nyumba yenye mlango wa njumu, ile misumari ya shaba. Mlango wa njumu upi, Mji Mkongwe? Mzee anaijua mitaa kwa misikiti na mabaraza yake. Sasa boda wanakwenda Fuoni, Mwanakwerekwe na Mbweni. Kiponda, Malindi na Mkunazini ni za mzee, na nauli anayolipa mteja ni yake yote.

Pesa ya simu, tazameni salio lenu wenyewe, msitazame meseji mnayoonyeshwa. Mimi nimepoteza elfu arubaini na kitu kwa kuamini simu ya mtu.

Ramadhani iliyopita yule bibi wa Kiponda alinitumia sauti tena. "Mwanangu, tungule nipe za leo kidogo, nyingine za kesho kutwa. Na muhogo uuvunje kwanza." Nilimchagulia nikiwa nimesimama, nikauvunja muhogo ncha zote mbili. Mzee akaondoka na pakacha baada ya alasiri. Kesho yake bibi alimrudishia pakacha lile, limefutwa, na oda nyingine imeandikwa kwenye kikaratasi ndani yake.