Ili uendelee

Nimeshindwa kulala kwa sababu ya maneno mawili ya mtoto wa darasa la pili. Ni saa sita kasoro usiku, ndani wamelala wote, madaftari 61 yako hapa mezani nimeyamaliza na leo nimesahihisha kwa pensili, peni nyekundu nimeifungia kwenye mkoba, nitafika huko.

Ni yule binti wa dawati la pili upande wa dirishani. Wa siku nyingi mnamjua, ndo yule niliyewaandikia tulipofungua shule, aliyekuwa anafika kabla ya mwenye funguo anakaa kibarazani na mkoba mapajani. Mpole, daftari safi, pembeni kapiga mstari kwa rula, hajawahi kunisumbua hata siku moja. Na hapo ndipo nilipomkosea, maana kwenye darasa la watoto 61 macho yangu yanaenda kwa wanaosumbua, huyu nikawa namwona kama dirisha lenyewe, lipo, limefungwa vizuri, basi.

Tuko kwenye kutoa kwa kukopa. Mliowahi kufundisha madarasa ya chini mnalijua hili kosa hata mkiamshwa usingizini: 42 toa 17. Mtoto anaangalia mamoja, anaona mbili haitoi saba, basi anageuza, saba toa mbili tano, anarudi kwenye makumi nne toa moja tatu, anaandika 35. Ni kosa la siku zote, kila mwaka lipo, hata husomi tena, jicho linaona 35 na mkono ushaweka kosa unaenda daftari linalofuata. Wiki mbili nzima huyu binti nimemwekea kosa namna hiyo, chini naandika "rudia", naye anarudia kwa mwandiko uleule mzuri anakosa vilevile.

Jumanne nikamwita mezani na daftari lake. Haya mazungumzo nimeyarudia kichwani mpaka nimeyashika neno kwa neno.

Nikamuuliza, umeelewa hii?

Ndiyo mwalimu.

Sasa 35 imetoka wapi?

Akanyamaza. Kwa kawaida yangu ningeshajibu mwenyewe, ningesema angalia hapa, mbili haitoi saba tunaenda kwa jirani tunakopa kumi, ningemaliza swali lote mimi huku yeye ameshika ncha ya meza. Ila palepale akaingia mtoto wa darasa la sita na karatasi kutoka ofisini, nikaipokea nikawa naisoma, na yule binti akawa amesimama tu. Sijui zilipita sekunde ngapi. Nilipoinua kichwa akasema kwa sauti ndogo, nimerudisha.

Umerudisha nini?

Ile kumi. Tuliyokopa.

Jamani. Nikavuta daftari nikaangalia sasa kwa macho yangu yote. Swali linalofuata, 52 toa 18, kaandika 44. Angekuwa anageuza kama wenzake angepata 46, maana nane toa mbili ni sita. Hakugeuza. Lingine, 61 toa 24, wanaogeuza wanaandika 43, yeye kaandika 47. Mamoja yote yako sawa, daftari zima, wiki mbili, mamoja hajakosea hata mara moja, na kila jibu limezidi kumi kamili wala si tisa wala si kumi na moja. Alikuwa anakopa vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, anapata jibu sahihi, halafu mwishoni anarudisha deni kwa mwenyewe, kwa sababu mimi ndo nilisimama mbele nikasema tunakopa, na kitu cha kukopa kinarudishwa. Mtoto mwaminifu. Mimi nikamwekea kosa jekundu juu ya uaminifu wake.

Ila kilichoninyima usingizi si hicho. Kilichoninyima usingizi ni nilipomuuliza, mbona hukuniambia kama unachanganyikiwa?

Mwalimu uliuliza tumeelewa.

Na wewe ukasema ndiyo.

Ndiyo.

Sasa ulikuwa umeelewa?

Akaniangalia kama ananihurumia, akasema: nilisema ili uendelee.

Ili uendelee. Hakusema kwa utundu wala kwa kuogopa, alinieleza tu, kama mtu anavyokuelekeza njia. Nadhani kwake "mmeelewa?" ni kama ninavyoita majina asubuhi, naita anaitika nipo, namwekea alama, tunasonga. Nauliza mmeelewa, wanaitika ndiyooo, nafuta ubao. Ni zamu yao kusema na wameisema.

Tangu Jumanne naisikia. Naosha vyombo naisikia, najaza daftari la mahudhurio naisikia. Wiki hii hii wakaguzi wamekuja wameondoka, mwalimu mkuu kapata uhamisho baada ya miaka yote ile na madarasa ya juu yameezekwa upya hatimaye, lakini mkiniuliza wiki yangu ilikuwaje nitawaambia ilikuwa maneno mawili. Naanza kupiga hesabu, vipindi vingapi kwa siku, mmeelewa ngapi kwa kipindi, miaka tisa niko kazini, nafika mahali naacha. Zile ndiyo zote nilizobebea furaha nikirudi nyumbani nikasema leo watoto wameelewa, ngapi zilikuwa za kunisukuma tu mbele?

Nilimsimulia mume wangu jioni ileile. Akasikiliza vizuri, akasema mbona sisi kazini kikaoni ndo tunavyofanya, bosi akiuliza kuna swali tunatikisa kichwa twende nyumbani. Alitaka kunipoza najua. Ila mimi ndo nikaumia zaidi, maana yeye ni mtu mzima anachagua, huyu ana miaka minane.

Chuoni tulisomeshwa habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, miaka ya 1970 alirekodi walimu wakifundisha akapima wanasubiri muda gani baada ya kuuliza swali. Akakuta wanasubiri kama sekunde 1 tu, kisha wanarudia swali au wanamrukia mtoto mwingine. Walipoongeza wakasubiri sekunde 3 na zaidi, majibu ya watoto yakarefuka, na hata wale ambao huwa hawasemi wakaanza kusema. Nililijua hilo, nililiandika kwenye mtihani nikapata alama zangu zote. Na bado ilibidi ije karatasi ya ofisini kuniziba mdomo ndo mtoto akapata nafasi ya kusema neno moja.

Basi. Jumatano nilikuwa sina raha, nilifundisha kwa kulazimisha, na mbele ya mkaguzi nikajikuta nauliza mmeelewa, darasa zima ndiyooo, mkaguzi akaandika kitu kwenye fomu yake na mimi nikataka kulia.

Alhamisi ndo nikageuza mambo. Nilikesha nikikata vijiti, watoto wangu wawili wakanisaidia kufunga kumi kumi kwa rababendi, yule mdogo anahesabu kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Nikaenda navyo darasani. Nikaweka mafungu manne na vijiti viwili mezani, nikasema hii ni 42, nataka vijiti 17, nani aje kunipa. Neno kukopa sikulitaja kabisa. Nikanyamaza.

Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kusema, nawaambia ukweli. Nikawa nahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, nne, mikono inaniwasha. Kwenye tano akainuka yule kijana wa nyuma kabisa ambaye tangu mwaka uanze sijasikia sauti yake isipokuwa kwenye nipo, akaja mbele, akatoa fungu moja, akaona vijiti viwili havitoshi saba, akaniangalia. Sikusema kitu. Akavua rababendi. Vijiti kumi vikamwagika mezani, darasa lote likasema aah! Akahesabu kumi na mbili, akanipa saba. Yakabaki mafungu mawili na vijiti vitano.

Nikamtazama binti wa dirishani. Alikuwa amesimama dawatini kabisa, anaangalia ile rababendi tupu. Akanyoosha mkono, yeye, asiyenyooshaga mkono.

Mwalimu, na hivi kumi havirudi?

Nikamuuliza, wewe unaonaje?

Akafikiri. Nikasubiri. Akasema, havirudi, havijaenda popote, ni vya hapohapo, ni fungu limefunguliwa. Halafu polepole kama anajisemea mwenyewe: kumbe hatujakopa.

Kumbe hatujakopa! Nilitaka kumbeba. Miaka yote nafundisha hili somo na neno la kukopa limekaa katikati kama jiwe kwenye mchele, mtoto wa miaka minane ndo kalitoa. Hatukopi. Tunafungua fungu tulilonalo. Darasani kwangu sasa tunasema kufungua fungu, na tayari namuwaza mwakani akikutana na 503 toa 267 pale penye sifuri katikati, wengi wanapokwama kwa sababu jirani wa kukopwa hana kitu. Huyu hatakwama, atajua aende kwenye mamia afungue mia moja ipatikane makumi kumi, achukue kumi moja hapo aifungue tena, abaki na mamia manne, makumi tisa na mamoja kumi na matatu. Jibu 236. Nina hakika naye.

Halafu ikaja nyongeza sikuitegemea. Nilikuwa nasimulia ofisini, mzee wetu wa darasa la saba, yule anayestaafu mwaka huu, akaweka miwani chini akasema, mwanangu, mbona sisi tulikuwa tunarudisha. Nikamwambia shikamoo mzee, mlirudisha wapi? Akachukua chaki. Akaandika 42 toa 17, akasema juu unakopa mbili inakuwa kumi na mbili, toa saba, tano. Sasa kumi uliyokopa unailipa chini, ile moja ya kumi na saba inakuwa mbili. Nne toa mbili, mbili. 25. Na ni sahihi kabisa! Umeongeza kumi juu ukaongeza kumi chini, tofauti haibadiliki. Ndo walivyofundishwa watu wa umri wake wengi, kopa na ulipe.

Nikakimbia nje, ilikuwa mapumziko, nikamtafuta binti nikamuuliza nyumbani nani anakusaidia hesabu. Bibi, akasema. Na bibi anasemaje? Bibi anasema ukikopa lazima ulipe.

Nikachuchumaa palepale uwanjani. Kumbe mtoto alikuwa amebeba walimu wawili kichwani, wote tuko sawa, na hakuna aliyemwambia kwamba ni njia mbili. Kakopa kwangu akalipa kwa bibi, ila hakujua kulipa ni chini, akalipa juu. Na hakutaka kumwambia bibi kwamba mwalimu harudishi, wala kuniambia mimi kwamba bibi anarudisha. Akatusemea ndiyo wote wawili.

Nikamwambia mwambie bibi mwalimu anamsalimia, na njia yake ni nzuri, siku akipata nafasi aje atuonyeshe. Mnapaswa kuona lile tabasamu. Leo asubuhi kaja mpaka mezani kabla ya kengele, bibi anasema atakuja Jumatano, anauliza avae nini.

Ndo maana ya pensili sasa. Leo nimesahihisha kila kosa kwa kuuliza kwanza limetokaje, nimechukua saa tatu badala ya moja na siwezi kuahidi nitaweza kila siku, watoto 61 ni wengi. Ila nimepata wengine wawili ambao kosa lao sio nililodhani. Mmoja namba 6 na 9 anazibadilisha anaponakili kutoka ubaoni, nitamhamishia mbele Jumatatu tuone kama ni macho. Mwingine sijamwelewa bado, nitamwita, nitakaa kimya.

Nimeshamaliza na usingizi bado hauji. Mama kanipigia simu mara mbili leo. Ya kwanza akauliza watoto hawajambo, ya pili jioni akauliza tena watoto hawajambo, nikasema hawajambo mama, wewe je, akasema mimi mzima, akakata. Mama hajawahi kunipigia mara mbili siku moja tangu baba afariki. Nilikuwa na madaftari mkononi sikumuuliza zaidi. Nawaza nimpigie sasa hivi au nitamshtua, pale kwake saa hizi taa zimezimwa.