Debe la Isongole

Nimeamka saa kumi alfajiri. Julai hapa Uyole, Mbeya, baridi inaingia hadi kwenye mifupa, na ukungu umelala juu ya mabati. Nimewasha jiko la mkaa, nimeketi na Biblia. Tangu ibada ya Jumapili silali vizuri.

Mchungaji alisoma Zaburi ya 139: "Ee Bwana, umenichunguza na kunijua." Wengi hufarijika nayo. Mimi ilinichoma, kwa sababu papo hapo nilikumbuka debe.

Miaka ile nilikuwa nanunua maharage Isongole, njia ya Tukuyu, na kwenda kuyauza soko la Mwanjelwa mjini Mbeya. Debe langu lilikuwa limegongwa kwa ndani kwa nyundo, polepole, mpaka mbavu zikatoka nje. Ukiliona kwa mbali ni debe kama mengine, ila lilimeza karibu kilo mbili za ziada. Tulijitetea kwamba kila mnunuzi analo. Siku moja bibi mmoja akaleta madebe matatu, kayapima mwenyewe nyumbani kwake. Kwangu yakatoka mawili na kitu. Aliliangalia debe, akaniangalia mikono, kisha akasema taratibu, "Labda nilikosea kuhesabu, mwanangu." Nikamlipa ya mawili na nusu. Alipokea hela kwa mikono miwili akasema, "Ndaga fijo."

Alinishukuru! Hilo ndilo linaloniuma kuliko kilo zenyewe.

Nimekuwa nikitubu miaka yote hii, tena kwa machozi. Lakini nilitubu kwa ile sala yetu ya kawaida: utusamehe dhambi zetu tuzijuazo na tusizozijua. Ni sala nzuri, siisemi vibaya. Ila mimi niliifanya kichaka. Nilijificha humo na debe langu, nikidhani nimeungama.

Jambo lililonishika usiku huu ni kwamba Zaburi hiyo inaanza kwa kusema Mungu amekwisha kumchunguza mtu, halafu karibu na mwisho huyo huyo anaomba, "Ee Mungu, unichunguze." Kwa nini umwombe akuchunguze yeye ambaye amekwisha kukujua? Naona ni kwa sababu mwombaji ameacha kukimbia. Mungu hana jipya la kupata. Anayetoka kichakani ni mtu. Mfalme Daudi naye alikaa kimya juu ya Uria, aliyemwulisha baada ya kumchukua mkewe, mpaka nabii Nathani alipomjia, ilhali mbinguni jambo lilijulikana tangu siku ile ya kwanza alipomwona mke huyo kutoka darini.

Kwa hiyo kujuliwa huku, nilikokuogopa, ndiko kunakonipa tumaini. Kama Mungu angekuwa hajui habari za debe, msamaha wake ungekuwa wa mtu mwingine, yule mama mwema wa kwaya ambaye watu wanamwona ndani yangu. Zaburi ya 130 inasema kama Bwana angehesabu maovu hakuna ambaye angesimama, lakini kwake kuna msamaha. Anajua hesabu yote, na bado anasamehe.

Leo nimelitaja kwa jina lake. Nimesema, "Baba, debe la Isongole. Yule bibi. Nilijua nilichokuwa nafanya." Nimelia mpaka mkaa ukaanza kufifia.

Kisha nikamfikiria Zakayo, yule mtoza ushuru. Yesu alimwita kwa jina pale juu ya mkuyu na kujialika nyumbani kwake kabla hajaahidi kurudisha hata senti. Ahadi ya kurudisha mara nne ilikuja baadaye, kwa furaha. Mimi nilimpunja bibi nusu debe. Mara nne ni madebe mawili.

Nimeyapima sasa hivi kwa debe nililoazima kwa jirani, lisilogongwa, nikalijaza hadi likafurika. Maharage mapya ya msimu huu, nimeyapepeta na kuokota vijiwe vyote. Huenda bibi yupo, huenda wamebaki wajukuu. Nyumba yake naikumbuka, ina mparachichi mlangoni. Gunia nimelifunga kwa kamba ya katani. Kosta ya kwanza ya Tukuyu inapita saa kumi na mbili.