Kwa nini 7 na si 8?

Leo nimeng'ang'ana na swali moja hadi usiku. Unarusha dadu mbili. Tukio A: ya kwanza inaonyesha 4. Tukio B: jumla ni 7. Je, haya ni matukio huru, yaani moja halitegemei jingine?

Nilijibu bila kushika kalamu: yanategemeana. Jumla inatokana na dadu hiyohiyo ya kwanza, sasa yatakosaje kutegemeana?

Halafu nikachora jedwali la miraba 36, nikaanza kutia alama. Jumla ya 7 imeangukia miraba 6, imejipanga mshazari kutoka pembe hadi pembe. Uwezekano wake ni 6/36, yaani 1/6. Dadu ya kwanza kuonyesha 4, nako 1/6. Yote mawili kwa pamoja ni mraba mmoja tu, ule wa 4 na 3: 1/36. Kipimo cha uhuru ni hiki: ukizidisha uwezekano wa kila moja, upate uwezekano wa yote mawili kwa pamoja. Na 1/6 mara 1/6 ni 1/36 hiyohiyo. Ni huru kabisa! Nilirudia kuhesabu kwa kidole, mraba kwa mraba, jibu likabaki lilelile.

Nikaweka 8 mahali pa 7. Miraba ni 5. 5/36 mara 1/6 ni 5/216, ilhali kwa pamoja ni 1/36, yaani 6/216. Hapo hayako huru, ingawa kwa macho tu nisingeng'amua tofauti hiyo.

Siri nimeiona kwenye safu za jedwali. Dadu ya kwanza ionyeshe chochote, ya pili ina namba moja tu ya kukamilisha 7. Ukininong'oneza kwamba ya kwanza ni 4, hujanisogeza popote. Lakini kwa 8, ukiniambia ya kwanza ni 1, nimeshakosa. Miaka yote nimekuwa nikiuliza kama mambo mawili yanagusana, kumbe la kuuliza ni kama habari ya moja inabadilisha uwezekano wa jingine. (Ndiyo maana matukio yasiyoweza kutokea pamoja, kila moja likiwa na nafasi ya kutokea, hayawi huru kamwe: likitokea moja, jingine limefutika.)

Kabla ya kulala nimeongeza tukio C: dadu ya pili inaonyesha 3. A na B ni huru, A na C huru, B na C huru. Yote matatu kwa pamoja yanatoa 1/36, si 1/216, kwa sababu ukishajua mawili, la tatu umelijua.