Tani 20 za chuma, kutoka Youngstown hadi Scranton

Saa 10:40 alfajiri. Baridi imeniamsha kabla ya simu. Nimelala ndani ya lori nje ya yadi ya chuma, Youngstown, Ohio. Chai ya jana kwenye thamosi imepoa, ila iliki bado inanukia.

Saa 11:30. Kreni inashusha mapande ya mviringo, urefu wa futi 20, kila moja kama kilo 900. Yametimia 22. Chuma cha mviringo ni mjanja, ukikiachia upenyo kinateleza, kwa hiyo ni kabari za mbao kwanza, ndipo minyororo. Mwendesha kreni ananisimulia tena Jumatatu Nyeusi, 19 Septemba 1977, wafanyakazi kama 5,000 walipoambiwa kinu cha chuma kinafungwa. Baba yake alikuwa mmoja wao.

Saa 1:50. Sheria inataka nikague mzigo ndani ya maili 50 za mwanzo. Mnyororo wa tatu umelegea. Nakaza, glavu zinajaa kutu.

Saa 3:20. Kibao kinatangaza sehemu ya juu kabisa ya barabara ya 80 mashariki mwa Mto Mississippi: futi 2,250. Mtu wa Wundanyi, mji wa milimani Kenya, ataacha kucheka?

Saa 6:40 mchana. Scranton, Pennsylvania. Majengo ya matofali ya 1908, yaliyojengwa kuwa karakana ya vichwa vya treni. Sasa humo chuma kinakatwa vipande vya futi moja, kinachomwa mpaka kiwe chekundu, kinafinyangwa kuwa makombora ya mizinga ya milimita 155. Mwanzoni mwa vita vya Ukraine, 2022, Marekani ilikuwa ikitoa kama 14,000 kwa mwezi, kisha ikajiwekea lengo la 100,000. Ndiyo maana njia hii sasa naijua hata mashimo yake.

Getini nakwama. Ofisini kwetu wameandika namba ya trela isiyo yangu. Saa tatu za kungoja, bila malipo.

Mama anapiga, kwao ni usiku.

"Umebeba nini leo, mwanangu?"

"Vyuma, mama."

"Vya nini?"

"Vya kiwandani."

"Haya. Funga vizuri visikuangukie."

Nikingoja nasoma habari. Chuma si shida, bwana. Makombora hutoka hapa matupu, yakajazwe Iowa, na TNT, baruti ya kujazia, Marekani iliacha kuitengeneza kwake tangu 1986. Mkataba wa kujenga kiwanda kipya Kentucky ulitolewa Novemba 2024. Hela huidhinishwa kwa siku moja, kiwanda ni miaka. Hadi kisimame, baruti inaagizwa nje, Poland ikiwemo.

Saa 10:15 jioni. Wameshusha. Trela tupu linarukaruka kwenye reli za zamani, nami nahesabu minyororo: minane, yote ipo. Ujumbe unaingia. Kesho, Youngstown tena, saa ile ile. Namba ya trela bado wamekosea.